Viwanja vya Bandon Dunes, kwa sisi ambao mpira wetu hauruki

Mtu akisikia umefika Bandon Dunes, ile hoteli yenye viwanja vya gofu kwenye pwani ya Oregon, Marekani, swali lake ni moja: uwanja upi mkali kuliko wote? Na mara nyingi hasubiri umjibu. Anajijibu mwenyewe, "Pacific Dunes, au siyo?", kwa sababu ndio aliouona kwenye picha, ile yenye genge, bahari na kibendera kidogo pembeni. Jibu langu ni jingine, na kila nikilitoa wachezaji wenzangu wananionea huruma. Basi leo nimeamua kuliandika lote pamoja na sababu zake, ili nikiulizwa tena nitume tu.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Handikapu yangu, yaani mikwaju ninayopewa ili kufidia udhaifu wangu, ni 24. Draiva yangu, ile fimbo ya kupigia mbali zaidi, siku ikinipendelea, inafika yadi 160, na humo humo nimeshahesabu na kuviringika. Mpira wangu hauendi juu. Unatoka chini chini, unagusa ardhi mapema, halafu ndiyo unaanza safari. Kwenye viwanja vingi nilivyocheza, vyenye nyasi nene zilizonyweshewa maji usiku kucha, mpira wa namna hiyo unakufa pale pale ulipoangukia, na mimi nabaki kupiga fimbo ndefu shimo baada ya shimo huku wenzangu wakinisubiri grini, pale kwenye nyasi fupi zenye kishimo na bendera, wameegemea fimbo zao. Niliyesafiri naye ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mume wangu mwenyewe hachezi. Anasema hana sababu ya kulipa hela ili atembee juani akitafuta kitu alichokuwa nacho mkononi. Shemeji ndiye mchezaji wa ukoo: yadi 260, tena angani, na hachoki kunikumbusha.

Sasa, kwa miguu yangu na kwa kadi yangu ya mikwaju, niliyoyaona ni haya. Bandon Dunes ina viwanja vitano vya mashimo 18, na watu wanavisimulia kwa mandhari: huu una bahari, huu una msitu, huu una upepo. Mimi naona vyote vinaulizwa swali moja: mpira ukishatua, una njia ya kwenda? Kila aliyechora uwanja amelijibu kivyake. Kwa mtu kama shemeji, anayedondosha mpira kutoka juu, swali hilo halimhusu sana. Kwangu mimi ndiyo gofu yenyewe.

Mahali penyewe kwa kifupi. Bandon ni mji mdogo kwenye pwani ya kusini ya jimbo la Oregon, Marekani, pale mto Coquille unapoingia Bahari ya Pasifiki. Viwanja viko kaskazini ya mto. Ukitua Portland una zaidi ya saa nne za barabara. Kuna kiwanja kidogo cha ndege North Bend, karibu zaidi, ila usafiri wake unataka upange mapema. Mike Keiser, mfanyabiashara wa Chicago aliyetajirika kwa kadi za salamu zilizochapwa kwenye karatasi iliyorejelezwa, alinunua ardhi hiyo mwaka 1991, na uwanja wa kwanza ukafunguliwa 1999. Ukikaa kwenye gari saa zote hizo unaelewa kwa nini watu walidhani anatupa pesa.

Na ardhi yenyewe ilikuwa imemezwa na gosi. Hiki ni kichaka cha miiba chenye maua ya manjano, kizuri ukikitazama kwa mbali. Kililetwa huko na George Bennett, mtu wa Ayalandi aliyehamia katika miaka ya 1870 na kuupa mji jina la Bandon ya kwao. Gosi ina mafuta, inashika moto kwa haraka ya ajabu, na mwaka 1936 moto uliolishwa na gosi uliuteketeza karibu mji wote. Mpaka leo wanaing'oa na inarudi. Mpira ukiingia humo, kedi wetu, yule anayekubebea begi na kukushauri, hakujisumbua hata kusogea. Aliingiza mkono mfukoni, akanipa mwingine.

Kitu kinachonifanya nipapende ni udongo. Chini ni mchanga mtupu, maji ya mvua hayakai, na juu yake nyasi ni feskyu, jamii ya majani membamba yanayostahimili ukavu na kutoa uso mgumu. Rangi yake si ile ya kijani ya kwenye televisheni. Ni kahawia iliyochanganyika na kijani, na mgeni anaweza kudhani wamesahau kumwagilia. Ukipiga vizuri unasikia fimbo inagonga ardhi, kama unapiga sakafu yenye zulia jembamba. Feskyu haivumilii matairi, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kutokuwepo vigari vya gofu: kila mtu anatembea, isipokuwa mwenye sababu ya kiafya. Unaweza kubeba begi lako, kulivuta, au kuchukua kedi. Chukueni kedi. Si kwa ajili ya begi. Ni kwa sababu mahali pa kulenga sipo kwenye bendera, na hilo hutalijua peke yako.

Tulianza na uwanja wenye jina la mahali penyewe, Bandon Dunes, na nawashauri muanze nao pia. Uliuchora David McLay Kidd, Mskoti ambaye wakati anapewa kazi alikuwa kijana asiyejulikana na mtu. Mashimo matatu ya mwanzo huoni kitu cha kukutoa nyumbani. La 4 linakunja, unafika kwenye kona, na hapo bahari inakufungukia nyuma ya grini. Shemeji, ambaye alikuwa akilalamika tangu asubuhi kuhusu baridi, alinyamaza, na akaendelea kunyamaza hadi shimo la 6. La 5 linafuata genge kuelekea kaskazini, na wakati wa kiangazi upepo unatoka huko huko kaskazini, kwa hiyo unapiga ukiwa umeuangalia usoni. Uwanja huu ni wa haki. Mbele ya grini nyingi kuna uwazi, mpira wa chini unaingia bila kuomba ruhusa. Mashindano ya U.S. Amateur, ya wachezaji wa ridhaa, ya mwaka 2020 yalichezwa hapa, akashinda Tyler Strafaci, na ukiwa unatembea humo unajiuliza hao vijana walipiga nini, kwa sababu mabanka, yaani yale mashimo ya mchanga, uliyoyakwepa wewe wao wanayaruka bila kuyaona. Sina zaidi la kusema. Ni uwanja mzuri unaokufundisha wengine.

Pacific Dunes ni wa Tom Doak, ulifunguliwa 2001, na sifa zake zote ni za kweli. Nasema hivyo mapema ili nisije nikarushiwa mawe. Doak aliacha ardhi ilivyo: mabanka yanaonekana yamechimbwa na upepo, na mengine kweli yalichimbwa na upepo. Kisha amepanga mashimo bila kujali mazoea. Nusu ya pili ina mashimo manne ya mikwaju 3 (idadi ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kumaliza nayo shimo), matatu ya mikwaju 5, na mawili tu ya mikwaju 4. Unaanza nusu hiyo na la 10 na la 11, yote mawili ya mikwaju 3, moja baada ya lingine, jambo ambalo kwenye vitabu vya wachoraji wa viwanja halishauriwi. Ukiwa pale huoni kasoro. Ardhi ilikuwa na mashimo mawili mafupi mahali hapo, akayachukua.

La 13 linakwenda kaskazini, bahari kushoto, na kulia kuna kilima cha mchanga kikubwa kilichobomoka kama ukuta. Siku tuliyocheza upepo ulikuwa wa kiangazi hasa. Shemeji alipiga draiva ambayo popote pengine ingemletea makofi. Mpira ulipanda, ukapanda, ukasimama angani, nikaona kwa macho yangu unaanza kurudi. Wa kwangu ulikwenda kimo cha kiuno, ukagonga, ukakimbia. Tulipofika, mipira yetu ilikuwa imepishana hatua chache.

"Shemeji, huu si mchezo," akasema.

"Ndiyo mchezo wenyewe, shemeji. Ule mwingine ni kurusha."

Ila msinielewe vibaya, Pacific Dunes hauwapendi watu wa mpira wa chini kila mahali. Shimo la 6 ni fupi, mtu anayepiga mbali anaweza kufika karibu na grini kwa mkwaju wa kwanza, lakini grini yenyewe ni nyembamba, imeinuliwa, na kushoto kwake kuna banka refu la kwenda chini. Ukitokea upande usio sahihi huna pa kuviringishia. Lazima mpira upande na utue laini. Mimi huo mkwaju sina. Niliandika 7 kwenye kadi na sikuona haya. Hilo ndilo jibu la Doak kwa swali langu: njia ipo, lakini lazima uwe umeipanga tangu kwenye tii, pale unapopigia mkwaju wa kwanza. Uwanja wa wenye akili, na siku nyingine akili inachoka.

Bandon Trails ndio unaogawa watu. Ulifunguliwa 2005, umechorwa na Bill Coore na Ben Crenshaw, yule Crenshaw aliyeshinda mashindano makubwa ya Masters 1984 na 1995. Unaanzia kwenye vilima vya mchanga, unaingia mbugani, unazama msituni kati ya misonobari, halafu mwishoni unarudi mchangani. Bahari ni ya kusikia zaidi kuliko kuona. Wengi wanauruka kwa sababu hiyo: nimesafiri umbali wote huu, nikacheze msituni? Shemeji alitaka tuuruke. Kedi akatushauri tuupange kwenye siku ya upepo mkali zaidi, kwa kuwa miti inakukinga, na ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko mingi niliyolipia.

Nilichokipenda Trails ni jinsi kila eneo linavyobadilisha mkwaju unaotakiwa. Mchangani unaviringisha, mbugani unaviringisha zaidi, na msituni ghafla unaambiwa uchague. Shimo la 5, la mikwaju 3, lina grini yenye mawimbi makubwa kiasi kwamba kufika grini si kufika. Mpira wangu ulikuwa juu ya grini, bendera iko juu ya grini, na kati yao kulikuwa na bonde ambalo mtoto mdogo angeweza kujificha. Kedi alinionyesha pa kulenga kwa kusimama pembeni kabisa, akaipa bendera mgongo, akagusa nyasi kwa kidole cha mguu. Nikausukuma mpaka pale alipogusa. Ukapanda ukingo, ukasita, ukageuka, ukaanza kushuka upande mwingine. Sikuutumbukiza, lakini kuutazama tu ukienda vile kulinitosha.

Halafu kuna la 14. Baada ya la 13 kuna gari linalokupandisha kilimani hadi kwenye tii, jambo la kuchekesha kwenye mahali panaposifika kwa kutembea. Kutoka juu unaona kila kitu: shimo fupi la mikwaju 4, linateremka, na grini iko mwisho, nyembamba, imekaa kwenye kingo. Mpira ukiteremkia upande mbaya wa feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini, mkwaju wa pili hauna jibu. Watu wamebishana juu ya shimo hili tangu uwanja ufunguliwe, na mimi niko upande wa wanaolalamika. Shimo linalotaka mkwaju mmoja tu wa aina moja, tena mrefu wa kwenda juu na kutua laini, kwangu ni mtihani wenye jibu moja. Shemeji analipenda mno. Alifanya mikwaju 3 pale na bado anasimulia.

Sasa jibu langu. Old Macdonald.

Ukitaja jina hilo mbele ya watu waliokwenda Bandon utaona nusu yao wanakunja uso. Ni mpana mno, wanasema. Grini ni kubwa kupita kiasi. Hauna mvuto wa picha. Ulifunguliwa 2010, kazi ya Tom Doak na Jim Urbina, na umetengenezwa kumuenzi Charles Blair Macdonald. Huyu bwana alizaliwa Canada, akapelekwa kusoma St Andrews, Scotland, katika miaka ya 1870, na huko gofu ikamteka. Aliporudi Marekani alijenga Chicago Golf Club, akashinda U.S. Amateur ya kwanza mwaka 1895, kisha akazunguka Ulaya kusoma mashimo bora ya zamani na kwenda kuyajenga upya kwa tafsiri yake kwenye uwanja wa National Golf Links of America, Long Island. Doak na Urbina walijiuliza: Macdonald angepewa ardhi hii, angefanya nini? Ndiyo maana mashimo ya Old Macdonald yana majina ya kurithi. Eden na Road ni za St Andrews. Alps ni ya Prestwick. Redan ni ya North Berwick. Biarritz ni ya Ufaransa.

Mashimo hayo yalibuniwa zamani, enzi ambazo mpira haukuruka kama wa sasa na watu waliuingiza grini kwa kuuviringisha. Kwa maneno mengine, yalibuniwa kwa ajili yangu.

La 3, Sahara, linakutaka upige juu ya tuta kubwa bila kuona unakokwenda. Ukishalipanda na kufika kileleni, uwanja wote unatandazwa chini yako, mpana, mtupu, na bahari nyuma yake. Hapo nilielewa kwamba siwezi kupotea. Feawei ni pana hivi kwamba hata mkwaju mbaya una mahali pa kulala, lakini ukilala upande usio wake unakuwa na kazi ndefu kufika kwenye bendera. Adhabu haiji kwa mpira kupotea. Inakuja polepole, grini, kwa kusukuma mara tatu.

Biarritz ni la 8, la mikwaju 3. Grini yake ina mfereji mpana unaoikata katikati, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Siku hiyo bendera ilikuwa nyuma, ng'ambo ya mfereji. Shemeji alichukua fimbo namba 6 akatua mbele ya mfereji. Mpira, kwa kuwa ulitoka juu, uliganda pale pale. Mimi nilichukua fimbo ndefu kuliko zote nilizonazo baada ya draiva. Kedi alisema nisiangalie bendera kabisa, nipige kana kwamba shimo liko mwanzoni mwa grini. Nikapiga. Mpira ulitua kabla ya grini, ukaingia kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ukashuka mferejini. Ukapotea. Tukasubiri. Kisha ukachungulia upande wa pili, ukapanda, ukaendelea, ukasimama hatua kama nne kutoka kwenye bendera. Kundi lililokuwa linasubiri nyuma yetu lilipiga kelele, watu nisiowajua kabisa.

Nimecheza gofu miaka mingi. Sijawahi kupigiwa kelele.

Redan, la 12, ni hadithi ya aina hiyo hiyo. Grini inainama kutoka kulia mbele kwenda kushoto nyuma, na anayelenga bendera moja kwa moja mpira unamkimbia. Unatakiwa utue kulia, kwenye bega la ardhi, na bega likurudishie mpira kushoto. Mara ya kwanza sikuamini. Mwili unakataa kulenga mahali ambapo bendera haipo. Tuliporudia uwanja huu jioni (raundi ya pili ya siku hiyo hiyo wanakupunguzia bei, itumieni), nilikubali, na ardhi ilifanya kazi yake. Tulikuwa tunashindana shimo kwa shimo, shemeji akinipa mikwaju ya handikapu. Old Macdonald ndipo mahali pekee nilipomwambia abaki na mikwaju yake, na tukafika la 17 tukiwa sawa. Alinishinda mwishoni. Hilo namwachia, maana la 18, Punchbowl, grini yake ni bakuli na mipira yote inakusanyika katikati, yeye akasukuma ndani kutoka mbali na mimi nikakosa kutoka karibu.

Hii haimaanishi kwamba uwanja huu unanibembeleza. La 7, Ocean, linapanda hadi grini iliyoko juu kabisa, karibu na bahari, na mpira wa chini haupandi kilima. Nilihangaika. Lakini hata hapo kulikuwa na njia ya kuzunguka, ndefu, ya mikwaju miwili midogo badala ya mmoja mkubwa. Kwenye la 14 la Trails hiyo njia sikuiona.

Na grini "kubwa kupita kiasi"? Ni kubwa kweli. Kuna mahali nilitoa fimbo ya kusukumia nikiwa hatua arobaini nje ya grini, na kedi hakushtuka, akaitikia kwa kichwa. Wanaolalamika wanapima grini kwa jicho la mtu anayetua juu yake kutoka angani. Kwa anayeingia kwa mguu, ukubwa ule ndiyo barabara.

Sheep Ranch ndio mdogo wao kwa umri, ulifunguliwa 2020, kazi nyingine ya Coore na Crenshaw. Kabla yake palikuwa na grini 13 tu zilizotapakaa, na waliobahatika kuruhusiwa kuingia walikuwa wanajipangia wenyewe waanzie wapi na waishie wapi. Sasa ni mashimo 18 yaliyopangika, grini tisa ziko kwenye ukingo wa genge, na hakuna banka hata moja la mchanga. Upepo pale ni mkali kiasi kwamba mchanga ungepeperuka. Mahali ambapo ungetegemea banka kuna vishimo vya nyasi. Wageni wanadhani bila mabanka uwanja ni mwepesi. Wangoje mpira wao uviringike kutoka grini hadi chini ya kimojawapo cha vishimo hivyo, kwenye nyasi ndefu, upepo ukiwasukuma mgongoni wakati wa kupiga.

La 3 na la 16, yote ya mikwaju 3, yanatumia grini moja kwenye rasi ya Five Mile Point. Ndiyo, mnaweza kukutana na kundi jingine pale juu, mkapeana nafasi na salamu. Kwa mandhari, hakuna kinachoushinda Sheep Ranch. Kwa swali langu, naupa alama nzuri ila si za juu. Njia za kuviringishia zipo, lakini upepo ndio unaoamua, na siku tuliyocheza uliamua kila kitu. Sikumbuki mashimo, namkumbuka shemeji akikimbiza kofia yake. Siwezi kuuhukumu uwanja kwa siku hiyo moja, na nashangaa wanaopanga orodha za kwanza hadi wa tano baada ya kuucheza kila mmoja mara moja. Wengi wanapanga hali ya hewa.

Msisahau viwanja vidogo. Preserve una mashimo 13, yote mafupi, na mapato yake yanakwenda kwenye uhifadhi wa pwani ile. Shorty's umefunguliwa 2024, mashimo 19, mafupi vile vile. Na kuna Punchbowl, jina moja na lile shimo la 18 ila huu ni uwanja wa kusukuma tu, mkubwa ajabu, una mabonde na vilima, na wageni hawalipi. Jioni watu wanakuja na vinywaji vyao, kila shimo lina mahali pa kuwekea kikombe, na mtu wa handikapu 2 anashindwa na mtu wa handikapu 24 mbele ya mashahidi. Ndiyo, mashahidi walikuwepo, na shemeji anawajua.

Kwa hiyo ukinitaka nikupangie, na draiva yako ni ya kimo cha kiuno kama yangu: anza na Bandon Dunes. Siku ya upepo mkali nenda Trails. Pacific Dunes ucheze ukiwa umelala vizuri. Sheep Ranch uuweke asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Old Macdonald ucheze mara mbili, hata kama ni lazima uache mmoja wa hao wengine, na kama ni lazima uache, acha kwa kupiga kura na mwenzako, usifanye kama mimi niliyetumia cheo cha ushemeji.

Viatu viwe vimeshazoea miguu yako. Koti la mvua lipimwe nyumbani ukiwa unazungusha fimbo, maana mengi yanabana mabegani. Weji yenye mlalo mkubwa, ile ya kuinua mpira juu, unaweza kuiacha. Shemeji alibeba tatu. Moja tu ilitoka kwenye begi, na ilitoka kwa ajili ya kukung'utia matope ya viatu.